Maneno ya Mwalimu Pyo Kinywani Mwangu

Oktoba 4, 1966. Jumanne

Daftari hili lilikuja ndani ya boksi la nguo kutoka kanisa la ng'ambo, katikati ya sweta mbili, na kwa kuwa halikuandikwa jina la mtoto yeyote nimelichukua mimi. Sikuiba. Nilimwonyesha Mama Ha, mke wa Mchungaji, akasema niandike ndani yake, nitulize roho. Sijui aliona nini usoni mwangu hata akasema hivyo. Roho yangu imetulia.

Leo amefika mwalimu mpya, Pyo Ae-ran. Ana miaka ishirini na minne, ni kiziwi tangu alipougua homa akiwa mdogo, na amesomea Seoul katika shule ambako watu husema kwa mikono tu, hawahangaiki na midomo. Mchungaji Ha, mgeni wa ng'ambo tuliyempa jina la Kikorea, amemleta kwa majaribio mpaka Krismasi. Wazee wa kanisa la ng'ambo, ambao ndio wanaotulisha, wanataka watoto wetu wafundishwe kusema kwa mdomo. Mchungaji atawaandikia mwisho wa mwaka kuwaeleza kama mwalimu kiziwi anafaa au hafai. Kwa sasa amepewa kile chumba cha wageni kando ya ofisi.

Mimi ni mama wa chumba cha wasichana katika makao haya ya watoto viziwi. Wako kumi na tisa, na mwaka huu natimiza miaka tisa kilimani hapa. Mume wangu alipotea vitani na mtoto sikujaliwa. Lugha ya mikono sikufundishwa na mtu, niliiokota kwa watoto wenyewe, mmoja ishara hii, mwingine ile. Mchungaji haijui. Kwa hiyo kila neno kati yake na viziwi hupita kwangu.

Mwalimu huyo aliposhuka kwenye gari na mikono yake ikaanza kusema, watoto walimzunguka mpaka nikaona nywele zake tu. Ok-nam wangu, msichana niliyemlea mwenyewe, alikuwa mbele kabisa.

Oktoba 5

Manyunyu. Ok-nam amekula mezani kwa Mwalimu Pyo.

Oktoba 6

Vilevile.

Oktoba 9. Jumapili

Ibada. Mchungaji alihubiri habari za Yona, nami nilisimama kando ya mimbari nikitafsiri kwa mikono, kama kila Jumapili. Hakuna kiziwi anayeweza kumsoma Mchungaji midomo. Sharubu zake zimefunika kila kitu, na Kikorea chake kinatoka kimepinda. Nikafikisha habari nzima, tangu melini mpaka kwenye mtango, sikuacha kitu.

Baada ya ibada watoto walikusanyika uani, na Mwalimu Pyo, katika sketi yake ya bluu, akawasimulia Yona upya. Alikuwa samaki, akawa dhoruba, akawa Yona anayetapikwa na kukung'uta nguo zake. Watoto walicheka mpaka wakagaagaa chini, na wakaomba arudie. Nimemtafsiri Yona mara nne katika miaka tisa na sijawahi kuona hata jino la mtoto.

Dada Jeom-nye, mpishi wetu, alinikuta nimesimama nyuma ya mlango wa jiko nikichungulia.

"Mdogo wangu, ukiendelea kukunja uso hivyo, wakati wa kusindika kabichi hatutahitaji chumvi," akasema. "Tutakuweka wewe kwenye mtungi."

Nikamwambia nilikuwa nikitazama mawingu. Akasema mawingu yamevaa sketi ya bluu. Nina hasira naye hadi sasa.

Oktoba 15

Niseme wazi, maana hili ni daftari langu: ninaona wivu. Si wivu wa ujana wake wala uso wake. Naona wivu kwa kuwa wanapozungumza wao sifuati. Mikono yangu huenda neno kwa neno, kama karani anayesoma barua ya serikali. Yao inakwenda mbio na uso, mabega, nyusi. Nikiingia chumbani wanapunguza mwendo kwa adabu, kama mtu anavyomsemesha bibi yake. Adabu hiyo ndiyo inayoniua.

Jana nilikuwa nikiwaambia wafue soksi. Ok-nam akanishika kidole gumba, akakigeuza upande wa pili, kunirekebisha mbele ya Mwalimu Pyo. Miaka yote nimesema "soksi" hivyo na amenielewa. Mwalimu Pyo akatabasamu. Lilikuwa tabasamu jema, sikuona dharau ndani yake, na hilo limenichoma zaidi.

Ok-nam aliletwa na bibi yake akiwa na miaka minne. Bibi alimkalisha getini na mfuko wa matunda ya kaki, akaenda zake, na hatukumwona tena. Sasa ana miaka kumi. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma midomo, miaka miwili, kila siku baada ya chakula: uso kwa uso, kiganja chake kooni pangu, na kipande cha karatasi mbele ya midomo yangu, ili aone pumzi inavyokipeperusha na inavyokiacha. Wageni kutoka ng'ambo husema hakuna mtoto anayesoma midomo kama yeye. Ukweli ni kwamba ya wengine anaisoma kidogo tu. Yangu anaisoma yote.

Oktoba 17

Ukungu asubuhi, jua mchana. Ok-nam amekaa kwa Mwalimu Pyo.

Oktoba 22

Picha ya kanisa la ng'ambo. Kila mwaka kina mama wa kule hufuma sweta, kila moja ina jina la mtoto, nasi huwavalisha na kuwapiga picha, ili wale kina mama waone zimewatosha. Zilikuwa zimewapwaya kama kawaida. Wanadhani watoto wote duniani wanakunywa maziwa.

Mpiga picha alitupanga mbele ya ngazi. Katika kila picha ya miaka sita iliyopita Ok-nam amesimama mbele yangu, na mikono yangu iko mabegani mwake. Leo nilipomwekea mikono alitoka polepole, wala hakunisukuma, akaenda kusimama mbele ya Mwalimu Pyo. Mpiga picha akaniambia, "Mama, tabasamu kidogo, picha inakwenda mbali." Nikatabasamu. Huko ng'ambo kuna mama atakayeitazama na kusema, mwone yule wa nyuma, jinsi anavyowapenda watoto.

Oktoba 30

Tumewasha moto wa chini ya sakafu kwa mara ya kwanza. Wasichana wote walilala kifudifudi upande wa joto, sweta wamezivua, wakicheka bila sababu.

Mwalimu Pyo alikuwa ameshuka mjini Cheongju kung'olewa jino. Jioni nilikuwa nakunjua magodoro nikaona kivimbe chini ya lihafu, pale penye joto kabisa. Nikainua. Ni bakuli la shaba la wali, limefunikwa na kufungwa kitambaa, ili mwenyewe akirudi alikute la moto. Mtu humwekea wali hivyo mumewe aliye safarini, au mwanawe aliye jeshini. Nilipokwenda kumzika kaka yangu, siku tatu, Ok-nam aliniwekea mimi, kila jioni, ingawa alijua sitarudi kabla ya siku ya tatu. Dada Jeom-nye ndiye aliyeniambia, nami nililia njia nzima ya kwenda kisimani.

Nilimuuliza Ok-nam bakuli ni la nani. Akajibu kwa mikono, "La Mwalimu. Jino linauma, wali wa baridi utamuumiza."

Nikalifunika tena kwa lihafu. Nilitaka sana kulitoa lile bakuli nikaliweke dirishani. Sikulitoa, na naliandika hapa ili nionekane mwema walau kwenye karatasi.

Novemba 8

Jalidi la kwanza. Kabichi za shambani zimekaza. Ok-nam amekaa kwa Mwalimu Pyo.

Novemba 12. Jumamosi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baada ya chakula cha mchana Mchungaji alituita ofisini, mimi na Mwalimu Pyo. Alikuwa na kalamu na karatasi, kwa kuwa lazima barua ipande meli mapema. Kwa mwandiko wa mkono wa Kikorea Mchungaji ni kipofu, husoma Biblia yake ya chapa tu, kwa hiyo mazungumzo ya aina hii hayawezi kuandikwa. Nilikaa kati yao, kama siku zote.

Akaniambia, kwa ule upole wake, "Gwi-rye, muulize hivi. Watoto wanampenda. Nimefikiri tukimpa chumba cha wasichana, alale nao, awe mama yao. Wewe umefanya kazi ngumu miaka tisa, nitakupeleka jikoni, upumzike mgongo. Muulize kama angependa."

Kupumzika mgongo. Nani alimwambia mgongo wangu unauma? Lakini mikono yangu ilimuuliza Mwalimu Pyo sawasawa: Mchungaji anataka kujua kama ungependa kulala chumba cha wasichana, uwe mama yao. Ya mgongo wangu sikuyatia.

Uso wake uling'aa. Akasema kwa mikono, "Nataka. Nikiwa mdogo nililala bwenini miaka kumi na mmoja, na taa ikizimwa ilikuwa kama nimefukiwa. Hakuna mkubwa aliyekaa nasi kusimulia chochote kabla ya giza. Nataka kukaa nao. Mwambie nataka sana."

Nikamgeukia Mchungaji. Sikupanga. Naapa sikuwa nimepanga, lakini nilipofungua mdomo maneno yalikuwa yamekwisha panga foleni.

"Anasema watoto wanamchosha," nikasema. "Anasema kulala nao hataweza. Angependa akae mjini."

Mchungaji akaweka kalamu chini. Akasema hakutegemea hivyo, kwamba alikuwa amemwona ana moyo. Nami nikaongeza, maana uongo ukianza kutembea unataka viatu: "Bado kijana, Mchungaji. Vijana wa Seoul ndivyo walivyo."

Mwalimu Pyo alikuwa ananitazama, anangoja. Midomo hajui, shule yao haikufundisha. Nikamwambia kwa mikono kwamba Mchungaji amefurahi na atafikiri. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru.

Ndipo nikainua macho. Ok-nam alikuwa amesimama mlangoni, mbele ya uso wangu, ameshika sinia ya chai ya shayiri. Sijui alisimama tangu lini. Vikombe vilikuwa vimetulia kabisa juu ya sinia, na alikuwa anautazama mdomo wangu.

Novemba 13. Jumapili

Ibada. Nilitafsiri. Ok-nam aliangalia viatu vyake tangu wimbo wa kwanza.

Novemba 15

Hajamwambia mtu. Ningejua. Mwalimu Pyo bado ananisalimu vizuri, leo amenipa nusu ya kiazi chake kitamu.

Ila Ok-nam, nikimsemesha, anafumba macho. Hakunji uso, hapigi miguu. Anafumba tu, anasubiri nimalize, anafumbua akiona nimeondoka. Nikimgusa bega anafumbua, akiona midomo inaanza kucheza anafumba tena. Mtu anayesikia hawezi kufanya hivyo. Sisi ukitukasirikia tutakusikia tu, tupende tusipende. Yeye ana mlango wake na ameufunga, na nje yake niko mimi peke yangu.

Na bado, Mungu anisamehe, nilipomwona leo akimsukia Mwalimu Pyo nywele nilisema moyoni: subiri, ataondoka huyo, utarudi kwangu.

Novemba 16

Upepo.

Novemba 19

Mchungaji ametuita tena. Alimwambia Mwalimu Pyo kwamba anaheshimu uamuzi wake, kwamba hatamlazimisha mtu kuishi asipotaka, na kwamba kanisa la ng'ambo haliwezi kumlipia chumba mjini, kwa hiyo kazi yake itakoma kabichi zikishaingia mitungini. Alisema kwa huzuni, na kila mara alinitazama mimi badala yake, kama watu wanaosikia wanavyofanya.

Nilimwambia nini? Nilimwambia wazee wa ng'ambo wamekataa mwalimu kiziwi. Uongo wa pili huu, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Hakulia. Akasema, "Nilijua. Huwa inakuwa hivyo." Akaniomba nimshukuru Mchungaji. Nikamshukuru, hilo nilitafsiri vizuri.

Novemba 20. Jumapili

Mahubiri: Kaini na Abeli. Sikuchagua mimi. Mikono yangu ilisimama katikati ya kisa, Mama Ha akadhani ni baridi, akaniletea glavu. Kwa glavu mtu hawezi kutafsiri.

Novemba 24. Alhamisi

Jana tuliloweka kabichi kwenye maji ya chumvi, vichwa mia nne, na leo tumezipaka pilipili, ziwe kitoweo cha msimu wote wa baridi. Baridi ya kukata masikio. Wanawake wa kanisa la kijijini walipanda kutusaidia, wavulana walichimba mashimo ya mitungi, wasichana walikaa mistari miwili na mikono yao imekuwa myekundu mpaka viwikoni kwa pilipili. Siku ya kabichi kilima kizima hukaa kimya, maana mikono yote ina kazi na mikono ndiyo midomo yao. Wanawake wa kijijini tu ndio waliokuwa wakipiga soga. Dada Jeom-nye alimtania mke wa fundi mashine kwamba anapaka kabichi kwa ubahili kama vile pilipili ni poda ya uso.

Mwalimu Pyo alikuwa mwisho wa mstari. Alipaka nyingi kuliko mtu yeyote, kazi ya mtu ambaye hatakuwepo kuzila.

Nilikuwa nimeinama kwenye beseni la figili nikasikia sauti nyuma yangu. Ok-nam hatumii sauti yake. Nilimfundisha, anaijua, lakini ni nzito na inatoka puani, na watu mjini waliwahi kumcheka, akaiacha. Leo mikono yake ilikuwa imejaa pilipili, na angeweza kuifuta. Hakuifuta. Alisema kwa sauti, mbele ya wanawake wote:

"Uongo."

Nikageuka. Akarudia, polepole, kama nilivyomzoeza, kila kipande cha neno mahali pake.

"Mama, uongo."

Wanawake waliinua vichwa. Mmoja akasema loo, kumbe anasema, akapiga makofi kwa furaha. Wengine nao wakapiga makofi. Walidhani nimemfundisha neno jipya.

Alijua anachofanya. Mikono yake ningeweza kuikwepa, ningetazama pembeni, ningejifanya nina pilipili jichoni. Masikio hayafumbiki.

Hajawahi kuniita Mama kwa sauti. Nimelingoja neno hilo miaka sita.

Novemba 25

Nimekaa na daftari hili tangu alfajiri nikijiuliza kwa nini hakumwambia Mwalimu Pyo. Ingemchukua nusu dakika. Nadhani nimeelewa. Angesema yeye, ningefukuzwa, na yeye ndiye angekuwa amenifukuza. Ameniachia nafasi ya kulisema mwenyewe, mtoto wa miaka kumi, nami nilikuwa nasubiri arudi kwangu kama mbuzi aliyepotea.

Kama nitasema nitampoteza. Nikinyamaza nimeshampoteza, tofauti ni kwamba nitakuwa nikimwona kila siku.

Mwalimu Pyo anafunga mizigo. Basi lake ni Jumatatu.

Novemba 26. Jumamosi

Nilikwenda ofisini asubuhi nikamwambia Mchungaji yote mawili, uongo wa kwanza na wa pili. Nilizungumza nimesimama. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakunifokea. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia ni wivu. Akasema hata wivu una sababu, nikamwambia huo wangu hauna, ni wivu tu.

Akasema Mwalimu Pyo ana haki ya kuamua nifanyweje. Akatuma aitwe. Ndipo sote wawili tukakumbuka: nani atatafsiri?

Mchungaji akaniangalia. Nikasema, "Muite Ok-nam. Asimame hapa, atazame mikono ya Mwalimu na mdomo wangu. Nikipunguza neno atainua mkono."

Ikawa hivyo. Mwalimu Pyo aliketi, Ok-nam akasimama ubavuni mwa Mchungaji, akinielekea. Kwanza nilimweleza Mwalimu Pyo kwa mikono nilichofanya. Ilikuwa ngumu kuliko kwa mdomo, maana kwa mikono huwezi kuangalia chini. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo. Kisha akaanza kusema, si kwa mwendo wa adabu wanaonipa, bali mbio, mwendo wao. Na ajabu, nilifuata kila kitu.

Nikamtolea sauti. Mkalimani anasema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno, ndivyo nilivyozoea, na ndivyo nilivyofanya.

"Tangu nifike nilijua huyu mama hanipendi," nikasema. "Nilidhani ni kwa sababu mimi ni kiziwi, na hilo nimelizoea. Kumbe ni kwa sababu watoto wananipenda. Hilo sijalizoea."

Mchungaji alikuwa akiandika.

"Maisha yangu yote maneno yananifikia yakiwa yameshikwashikwa na mtu. Daktari alimwambia mama yangu, mama akaniambia nusu. Sijui hata leo nusu ile nyingine ilikuwa nini. Nimezoea kumtazama kila mkalimani na kujiuliza anakula nini njiani. Huyu sikujiuliza. Mikono yake ni mibovu." Hapo nilikatiza. Ok-nam hakuinua mkono, alingoja. "Mikono yake ni mibovu, inatambaa, watoto huiiga akiwa hayupo. Nilidhani mtu anayesema kwa taabu hivyo hawezi kuwa na nguvu ya kudanganya."

Watoto huiiga. Nilimtazama Ok-nam, na kwa jinsi alivyokwepa nilijua ni kweli.

"Aliniambia wazee wa ng'ambo wamenikataa, nikaamini mara moja, sikuuliza hata swali. Simchukii kwa uongo wake. Namchukia kwa kuwa aliniona nikiuamini."

Nililisema lote. Neno "namchukia" nililisema kwa sauti ileile ya mengine, halikuwa neno langu nilipunguze.

Mchungaji akasema nimuulize kama anataka niondoke kilimani. Nikamuuliza kwa mikono: anataka kujua kama niondoke. Mwalimu Pyo akaweka mikono mapajani. Ok-nam alimtazama yeye, akanitazama mimi. Kisha akafumba macho, kwa nguvu, mpaka nyusi zikakutana. Hakutaka kuona jibu kwa mikono ya mmoja wala kwa mdomo wa mwingine.

Mwalimu Pyo akasema, "Asiondoke. Watoto hawa wameshaondokewa na watu wa kutosha."

Nikalitoa kwa sauti. Mchungaji akaandika. Lakini mikono ya Mwalimu Pyo ilikuwa haijamaliza.

Aliyasema yaliyobaki taratibu, akinitazama machoni. Alipomaliza akashusha mikono. Mchungaji alikuwa ameinamia karatasi yake, ananingoja. Yeye mikono haisomi. Mwalimu Pyo hasomi midomo. Ok-nam alikuwa amefumba macho. Ningekohoa, ningesema "amemaliza", na duniani kusingekuwa na mtu wa kujua.

"Lakini asilale chumba cha wasichana tena," nikasema. "Nitalala humo mimi. Na Ok-nam ahamishe godoro lake, lije upande wangu. Huyu mama alale jikoni."

Novemba 27. Jumapili

Theluji, kidogo. Nimehamia chumba cha nyuma ya jiko, na Dada Jeom-nye anakoroma. Mchungaji amechana ile barua na kuandika nyingine. Hakuna aliyetafsiri ibada, Mwalimu Pyo alilisoma somo la leo kwenye Biblia, akalisimulia lote uani baadaye. Jumanne Mchungaji anaanza kujifunza mikono, naye amemwomba Ok-nam amfundishe. Nimemwonea wivu hata Mchungaji.

Desemba 1. Alhamisi

Nilikuwa nakata vitunguu vya majani. Ok-nam aliingia kuchukua wali wa wasichana, ni zamu yake wiki hii. Siku nne alikuwa ameingia na kutoka bila kuniangalia. Leo aliweka sufuria chini, akaja kusimama mbele yangu, karibu, umbali tuliokuwa tukikaa wakati wa masomo.

Akasema kwa mikono, "Siku ile nilipofumba macho, Mwalimu alisema nini?"

Alikuwa anajua. Godoro lake limeshahama tangu Jumamosi, na Mwalimu Pyo lazima alimweleza siku ileile. Hakuwa ananiuliza, alikuwa ananipima.

Nikaweka kisu chini. Sikutumia mikono, nilitumia mdomo, nikavuta kila neno lionekane.

"Alisema nisilale chumbani mwenu tena. Alisema godoro lako lihamie upande wake. Na mimi nikamwambia Mchungaji hivyohivyo."

Aliutazama mdomo wangu mpaka neno la mwisho. Kisha akainama, akabeba sufuria kwa mikono miwili, akaondoka nayo, maana wenzake walikuwa na njaa.